Zizi la Magari

Simu hulia saa nane za usiku, navaa buti bila kuuliza.
Askari hunitajia barabara, na aina ya gari.
Mtu hamtaji.
Mataura, ukishavuka daraja: Subaru ya buluu,
imelala mtaroni, pua yake kwenye uzio wa kondoo,
injini bado inapumua.

Miaka kumi na tisa navuta magari katika mji huu wa baridi.
Ya walevi nayajua kwa harufu,
ya wezi kwa nyaya zilizochunwa chini ya usukani.
Hili lilinukia dawa ya kikohozi tu.
Kiti cha nyuma, glavu moja ya sufu, ya mwanamke,
na kopo la biskuti lililojaa vifungo vya nguo.

Kijana alisimama kwenye majani yaliyoganda, pingu mikononi:
Kauri Paewai,
mjukuu wa Hinepare aliyenitilia zipu kwenye koti hili hili
na akakataa pesa, miezi miwili kabla hajafa.
"Usilivute kwa bampa, Noeline," akasema.
"Bampa la bibi limelegea."

Kosa lenyewe?
Stika ya ukaguzi iliyopitwa na siku kumi na moja.
Dola mia mbili, basi.
Angesimama angepewa karatasi,
angetukana kimoyomoyo,
angefika nyumbani chai haijapoa.
Lakini zile taa zilimjaa kiooni, nyekundu, buluu, nyekundu,
na mguu ukaamua kabla ya kichwa.
Dakika nne.
Dakika nne, kilomita tisa, na kondoo mmoja.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.
Hawakusema habari ya makaratasi yanayongoja hapo ukingoni.

Nilikwenda mahakamani Gore kudai ankara yangu.
Jaji alisoma bila kuinua macho,
kifungu, kifungu kidogo, aya,
na mimi pale kwenye benchi la nyuma, ili nisisinzie,
nikawa naipangia sheria vina:

*Aliyewashiwa taa, asimame ukingoni,*
*Akizidisha hadaa, apelekwe kizimbani,*
*Gari lake litakaa, miezi sita zizini,*
*Na leseni itavaa, kufuli barabarani.*

Kwa vina ingekuwa imekwisha.
Kwa aya ilichukua dakika arobaini.
Sheria ni msumeno, sawa, hukata mbele hukata nyuma;
huu ulikata ubao uleule mara tatu,
kwa kutosimama, kwa mwendo, kwa kuhatarisha,
na kondoo akawekewa hesabu yake peke yake.

"Kwa nini ulikimbia?"
Kauri alitazama viatu vyake, vya kuazima, vikubwa.
"Ni gari la bibi," akasema.
"Niliogopa mtalichukua."

Hakuna aliyecheka. Karani aliacha kupiga chapa,
kisha akaendelea.

Sasa liko kwangu, safu ya pili, kati ya lori la maziwa
na pikipiki isiyo na mwenyewe.
Kila Jumamosi anakuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto,
anashika waya wa uzio kwa vidole,
haombi kitu.

Ufunguo siruhusiwi kumpa.
Lango siruhusiwi kumfungulia.
Nimeisoma ile hati mbele na nyuma, kwa miwani na bila miwani,
na hakuna mahali imeandika kwamba betri ni lazima ife.

Basi naingia mimi. Nalisogeza kopo la vifungo, nawasha.
Yeye nje anainamisha kichwa,
sikio kwenye waya, kama daktari.
"Linakohoa," anasema. "Plagi ya tatu."
"Nimesikia."
"Mguse kidogo mafuta."
Naligusa.
Moshi mweupe unapita kwenye uzio, unamfikia,
anaunusa, anafumba macho.

Nampa dakika nne, natazama saa.
Kisha nazima.
Mafuta ni ya kwangu.